Tamthilia cheshi za ndoa: ipi uanze nayo, na ipi ingoje watoto walale

Anayemkumbuka Papa Shirandula anaikumbuka siri yake: bawabu anayevua sare kabla ya kufika nyumbani, ili Wilbroda azidi kuamini kwamba mumewe ni mtu wa ofisini. Marehemu Charles Bukeko aliibeba siri hiyo Citizen TV zaidi ya mwongo mmoja, na kila wiki mambo yalirudi palepale. Vichekesho vya kawaida ndivyo vilivyo. Kipindi kikiisha, deni limefutwa, na wiki ijayo watu wanaanza upya.

Tamthilia cheshi, yaani zile zinazokuchekesha kisha zikakukaba koo, hazifuti chochote. Neno alilolitupa mume katika sehemu ya pili linamrudia katika sehemu ya tisa, kama sukari ya mkopo kwenye daftari la duka la mtaani. Ndiyo maana kuchagua kwa kufuata sifa za watu kunawaangusha wengi. Rafiki anaisifu moja kwenye kikundi cha WhatsApp, wewe unanunua bando, ukifika sehemu ya tatu umechoka. Huenda tamthilia haina kosa lolote. Huenda wewe ulitaka kuona deni la aina nyingine.

Zilizolinganishwa hapa ni tano: Catastrophe ya Uingereza, Divorce na Insecure za Marekani, State of the Union ambayo kila kisa chake kinahusu wenzi wawili na mshauri wa ndoa, na How to Ruin Christmas ya Afrika Kusini. Mianzo itatajwa, miisho hapana.

Vigezo

Cha kwanza ni deni lenyewe: uhusiano uko hatua gani, na ni kitu gani kinachoandikwa daftarini. Wapo wanaooana kwa haraka, wanaoachana polepole, wasioweza kuamua, na ambao shida yao si wao bali ni koo zao. Hiki ndicho kigezo kizito kuliko vyote, na ndicho ambacho trela haikuonyeshi, kwa sababu trela huokota vicheko tu.

Cha pili ni kicheko chenyewe: kinatoka wapi, na baada ya kucheka unabaki na nini.

Cha tatu ni muda na bando. Netflix wenyewe hukadiria kwamba saa moja hutumia takriban GB 0.3 kwenye ubora wa chini, GB 0.7 kwenye ubora wa kati, na hadi GB 3 kwenye picha safi ya HD. Huduma nyingine hazitofautiani sana, kwa hiyo hesabu zote hapa zimefuata makadirio hayo. Kosa linalowamalizia watu bando ni kuacha mpangilio kwenye otomatiki: mtandao ukiwa mzuri, kama ulivyo katikati ya Nakuru au Kisumu, programu hupandisha ubora hadi HD bila kukuuliza, na GB 5 za wiki nzima zinaisha ndani ya muda usiofika saa mbili. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, chagua ubora wa chini kwa simu na wa kati kwa runinga. Kwenye runinga ya inchi 32, ukikaa mita mbili au zaidi, ubora wa kati unatosha kabisa kwa hadithi za watu wanaozungumza jikoni. Hakuna magari yanayolipuka humu.

Cha nne ni masikio, yaani lafudhi na manukuu. Cha tano ni sebule: ni nani anayeweza kukaa na wewe bila mtu kujifanya anatafuta chaja.

Jambo moja kabla ya kulipa: haki za kuonyesha huhama kutoka huduma moja hadi nyingine. Tafuta kwa jina la asili la Kiingereza ndani ya orodha ya Kenya, uone kama misimu yote ipo, na ulipie mwezi badala ya mwaka.

Catastrophe

*Deni.* Rob, Mmarekani wa kampuni ya matangazo, yuko London kikazi. Anakutana na Sharon, mwalimu kutoka Ireland aliyevuka miaka 40. Wanastarehe siku chache, anarudi kwao, kisha simu inalia: mimba. Anahamia London na wanaanza kuoana huku kila mmoja akiwa bado hajui mwenzake anakunywaje chai. (London hii ni ile ya Thames, si ule mtaa wa Nakuru, ingawa kisa kingetokea popote kati ya hizo mbili.) Kwa msomaji wa huku mpangilio huu hauhitaji kuelezwa: mimba kwanza, wazee baadaye. Kinachoifanya iwe tofauti ni kwamba haiishii kwenye harusi. Harusi ni ya msimu wa kwanza. Baada ya hapo kuna bili, kazi zinazopotea, watoto wadogo, majibu ya daktari yanayotisha, wakwe wa pande mbili za bahari, na chupa ambayo Rob aliiacha kabla hadithi haijaanza lakini ambayo haijamwacha yeye. Mamake Rob ameigizwa na Carrie Fisher, aliyefariki Desemba 2016, na tamthilia haikujifanya kwamba mama huyo yupo tu nyumba ya pili.

*Kicheko.* Sharon Horgan na Rob Delaney waliandika sehemu zote 24 na wakaziigiza, na hapo ndipo nguvu ilipo. Hawa ni watu wanaotaniana kama njia ya kupendana, kisha wanatumia ulimi uleule kuumizana. Utani wao ni wa haraka na ni mchafu. Ukicheka saa moja mfululizo, utagundua baadaye kwamba umetazama wanandoa wakigombania pesa za kodi.

*Muda na bando.* Misimu 4 ya sehemu 6, ilionyeshwa Channel 4 kuanzia 2015 hadi 2019. Kila sehemu ni kama dakika 25, kwa hiyo yote ni takriban saa 10: GB 3 kwa ubora wa chini, GB 7 kwa ubora wa kati.

*Masikio.* Kiingereza cha Ireland, cha Marekani na cha London ndani ya chumba kimoja, tena kwa kasi. Washa manukuu tangu mwanzo, hata kama Kiingereza ni kazi yako.

*Sebule.* Wewe na mwenzako, basi. Mambo ya kitandani yanaanza mapema katika sehemu ya kwanza, kabla chai haijapoa.

Inakwama pale mtu anaporukia msimu wa pili kwa kuambiwa ndio mtamu zaidi. Kati ya msimu wa kwanza na wa pili muda umesonga mbele, na anayeanzia hapo anakaa robo saa akihesabu watoto. Inawafaa wenye watoto wachanga, waliooana bila uchumba mrefu, na wale wanaopenda ndoa ambayo watu wake bado wanapendana hata wakiwa wanakosana.

Divorce

*Deni.* Frances na Robert wana watoto wawili na nyumba nzuri katika kitongoji kaskazini mwa jiji la New York. Kwenye sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yao, mke wa mwenye nyumba anamwelekezea mumewe bunduki. Frances anarudi nyumbani akitaka talaka. Muda mfupi baadaye anabadili nia, lakini Robert amekwisha kugundua kwamba Frances alikuwa na mwanamume mwingine, na sasa anayetaka talaka ni yeye. Kutoka hapo tamthilia inafuata kitu ambacho hadithi nyingi hukiruka: kuachana kama kazi. Kuna mpatanishi, halafu wakili wa mmoja, halafu wakili wa mwingine, halafu gharama za mawakili zinazomeza kile walichokuwa wakigombania. Watoto wanalala wapi? Nani anawaambia wazazi? Nani anabaki na marafiki?

*Kicheko.* Kikavu kama mahindi ya Februari. Sarah Jessica Parker na Thomas Haden Church wanaigiza watu ambao huwezi kuwapenda moja kwa moja. Yeye anajificha ndani ya adabu, mumewe anajificha ndani ya ukaidi. Kicheko kinatokana na uchungu wa kuona mtu mzima akifanya jambo la kitoto na kuliita kanuni. Mwanzilishi wake ni Sharon Horgan yuleyule wa Catastrophe, na zikiwekwa bega kwa bega utamtambua: mdomo ni uleule, ila hapa upendo umetolewa mezani.

*Muda na bando.* HBO, 2016 hadi 2019. Sehemu 10, kisha 8, kisha 6: jumla 24, kila moja kama nusu saa. Saa 12, takriban GB 8.4 kwa ubora wa kati na GB 3.6 kwa ubora wa chini.

*Masikio.* Kiingereza cha Marekani kilichonyooka, ila sehemu za mawakili zina istilahi. Manukuu yatakusaidia hapo.

*Sebule.* Matusi na mambo ya watu wazima vipo. Lakini tatizo kubwa la sebuleni ni ukimya wa wanandoa wawili kwenye kochi moja wakitazama hii kwa mara ya kwanza. Jiulizeni kwanza kama wiki ni nzuri.

Watu wengi huiacha katika sehemu ya tatu au ya nne kwa kukosa mtu wa kumshabikia. Msimu wa kwanza ndio mgumu na wa baridi. Wa pili una joto zaidi, na wa tatu ni mfupi na mpole. Aliyestahimili hadi sehemu ya sita kwa kawaida humaliza.

Onyo moja lina uzito wake: msiichukulie kama mwongozo wa mahakamani. Sheria ya New York si yetu. Hapa Sheria ya Ndoa ya 2014 imetaja sababu ambazo mwombaji wa talaka anapaswa kuzionyesha, na Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inahesabu mchango wa fedha na hata usio wa fedha, kama kulea watoto na kazi za nyumbani. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba mali haigawanywi nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja athibitishe alichochangia. Frances na Robert hawajui lolote kati ya hayo, na hawahitaji kujua. Wewe unahitaji. Inawafaa waliotoka kwenye ndoa na wamepumua, ndugu na marafiki wanaotaka kuelewa kwa nini talaka ya fulani inachukua miaka, na wapenzi wa uigizaji wa hali ya juu.

Insecure

*Deni.* Hapa ndoa iko mbali, lakini kivuli chake kipo kila mahali. Issa anafanya kazi kwenye shirika lisilo la kiserikali linalosaidia watoto weusi Los Angeles. Anaishi na Lawrence, ambaye kwa miaka kadhaa yuko kochini akipanga programu ya simu itakayowatajirisha. Rafiki yake Molly ni wakili mwenye kila kitu isipokuwa mtu. Mtu wa Kisumu, mji wa mashirika, atatazama hii kama anayechungulia ofisi ya jirani: mwanamke anayelipa kodi, mwanamume anayesema mwezi ujao mambo yatakuwa sawa, na mkutano wa shirika ambamo kila mtu anaongelea jamii ambayo haimo chumbani.

Deni linalokua polepole zaidi ni la urafiki wa Issa na Molly. Wanaume wanakuja na kuondoka, mmoja wao ana mke na anadai mke amekubali, mwingine analeta habari ya mtoto. Katika msimu wa nne marafiki hawa wawili ndio wanaoachana, na hakuna ugomvi wa wapenzi katika tamthilia zote tano unaouma kuliko huo. Urafiki hauna mahakama wala wazee wa kuusuluhisha.

*Kicheko.* Issa hujisemea kwenye kioo cha bafuni kwa mistari ya rapu, na huko anayasema yote ambayo hatayasema nje. Kicheko ni cha aibu: unajiona.

*Muda na bando.* Ndefu kuliko zote: HBO, 2016 hadi 2021, misimu 5, sehemu 44 za karibu nusu saa. Saa 22 hivi. Kwa ubora wa kati ni zaidi ya GB 15, kwa HD ni GB 66, na hapo ndipo bando la simu linapokoma kuwa wazo zuri. Pakua mahali penye Wi-Fi. Kumbuka tu kwamba pakuzi huwa na muda wake. Kwenye Netflix, kwa mfano, kuna zinazofungika saa 48 baada ya kuanza kuzitazama, kwa hiyo usianze sehemu kumi kwa pamoja.

*Masikio.* Kiingereza cha vijana weusi wa Los Angeles. Manukuu yanakuandikia neno, hayakuambii maana. Aliyekulia kwenye hip-hop atapita bila shida.

*Sebule.* Kuna utupu na mambo ya chumbani wazi kabisa. Ni ya marafiki, chama cha wanawake wa rika moja, au peke yako. Usiiweke mama akiwa amekuja kutoka dala, yaani nyumbani kijijini.

Inakwama kwa anayengoja jibu la haraka la swali "watarudiana?" Misimu mitano haiendi kwa mwendo huo. Inawafaa walio kati ya miaka 25 na 35, wanaoishi pamoja kwa njoo-tukae, na wenye rafiki waliyekosana naye bila kujua siku hasa ilipoanza.

State of the Union

*Deni.* Tom na Louise wanakutana kwenye baa dakika kumi kabla ya kuingia kwa mshauri wa ndoa aliye ng'ambo ya barabara. Kila sehemu ni hizo dakika kumi tu, na kwa mshauri kwenyewe hatuingii nao. Louise ni daktari wa wazee, Tom ni mwandishi wa muziki asiye na kazi. Louise alitoka nje ya ndoa, lakini daftari linaanza nyuma zaidi, kwenye kitanda kilichopoa muda mrefu bila yeyote kusema. Ni kama kusikiliza watu wawili kwenye gari wakipanga watakachomwambia mchungaji.

Msimu wa pili, wa 2022, una watu wengine kabisa: Ellen na Scott, Wamarekani walioishi pamoja miaka 30, wakiwa kwenye mkahawa. Yeye anataka kuondoka, mumewe hajui dunia imebadilika lini. Tamthilia zinazowapa watu wazima wa umri huo nafasi ya mbele ni chache, na hii peke yake ni sababu ya kuitafuta.

*Kicheko.* Cha maneno matupu, hakuna anayeanguka. Rosamund Pike na Chris O'Dowd walipata Emmy kila mmoja mwaka 2019, na tamthilia ikapata yake katika kundi la vipindi vifupi.

*Muda na bando.* Sehemu 10 za dakika kumi, yaani dakika 100 kwa msimu. Nusu GB kwa ubora wa chini, GB 1.2 kwa ubora wa kati. Mvua ya jioni ikija Kisumu na radi zake na stima ikapotea, simu yenye chaji ya robo inamaliza sehemu mbili.

*Masikio.* Wawili tu wanaozungumza kwa zamu, hakuna kelele. Rahisi kufuata kuliko zote za Kiingereza hapa, ingawa kuna mizaha ya siasa za Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya ambayo itapita juu ya wengine.

*Sebule.* Lugha ni ya watu wazima na mada ni ya kitandani, lakini hakuna linaloonyeshwa: wamekaa mezani na glasi. Unaweza kuitazama na dada yako mkubwa. Watoto, hapana.

Kosa la kawaida ni kuitazama yote usiku mmoja. Sehemu zimejengwa kama vikao, na ukizibana pamoja utani unaanza kusikika wa namna moja. Moja kwa usiku inatosha. Inawafaa walio na shida wasiyoipa jina bado, na wenye muda mdogo.

How to Ruin Christmas

*Deni.* La koo. Tumi, binti aliyeshindikana kwa kina Sello, anarudi nyumbani kwa harusi ya mdogo wake Beauty, anayeolewa na familia tajiri ya Twala. Mazungumzo ya mahari, mavazi, nani alitusi nani: kila alichopangiwa Tumi kisiguswe anakigusa. Wanandoa wenyewe wanapendana. Wanaoyumba ni waliowazunguka. Aliyewahi kukaa nyuma ya chumba siku ya ayie ya Waluo, au kusimama uani kwenye ruracio, mahari ya Wakikuyu, huko Nakuru akingoja orodha irudi na masahihisho, au kuhesabu ng'ombe waliokubaliwa na waliofika huko Bungoma, yuko nyumbani.

Msimu wa kwanza, wa Desemba 2020, ni harusi. Wa pili ni mazishi. Nchi iliyofuatilia kesi ya maziko ya wakili S.M. Otieno, mjane wake akivutana na ukoo wa mumewe, kwa miezi mitano, hadi akazikwa Nyalgunga Mei 1987, haihitaji kuelezwa kwamba mazishi nayo ni mambo ya ndoa. Wa tatu ni wa ujauzito, na ulitoka Desemba 2022, miezi michache baada ya kifo cha Busi Lurayi aliyeigiza Tumi.

*Kicheko.* Kikubwa, cha vituko, cha watu kuanguka na siri kupasuka mbele ya wageni. Kiko karibu na vichekesho tulivyokulia kuliko vingine vyote hapa. Uchungu upo, lakini hauketi muda mrefu.

*Muda na bando.* Msimu wa kwanza ni sehemu 3 tu, kila moja chini ya saa. Weka GB 2 kwa ubora wa kati na utabakiza.

*Masikio.* Kizulu, Kitswana na Kiingereza ndani ya sentensi moja, kama sisi tunavyochanganya. Manukuu ni lazima. Anayesema Kiluhya atapata zawadi ndogo: *abantu* ya Kizulu haiko mbali na *abandu* ya nyumbani.

*Sebule.* Ndiyo iliyo karibu zaidi na kutazamwa na nyumba nzima. Pombe na matusi vipo, kwa hiyo watoto wa shule ya msingi walale kwanza.

Humwangusha anayetaka kuona ndani ya wanandoa wawili: muda wa kufika huko hakuna, wageni ni wengi mno. Huwafaa wachumba, familia zilizokutana kwa Krismasi, na wanawali walioitwa kupanga sherehe ya dada yao.

Kwa hali yako

Mnajiandaa kwenda kwa wazee: How to Ruin Christmas kwanza, mcheke pamoja, kisha msimu mmoja wa Catastrophe ili muone kwamba harusi ni ukurasa wa mwanzo. Sehemu sita, saa mbili na nusu, GB 1.8.

Mna mtoto mchanga na hamlali: Catastrophe, sehemu moja kwa usiku, lakini si wiki ile mnayobishana juu ya pesa. Humo pesa hazipumziki.

Mmoja yuko Nairobi au anafundisha Lodwar, mwingine yuko Kakamega na watoto: State of the Union. Kila mmoja atazame sehemu moja kwa simu yake saa ileile, kisha mpigiane. Dakika kumi za kutazama huzaa nusu saa ya mazungumzo ambayo hayaanzi na "umetuma?"

Mko kwenye mtengano na bado hamjui mnaelekea wapi: iacheni Divorce kwa sasa. Inachukulia kwamba uamuzi umeshafanywa, na mtu aliye katikati hujikuta akisukumwa upande mmoja na hadithi ya watu wengine. Tazameni State of the Union badala yake. Kama kesi imeisha na mmetulia, Divorce itawachekesha mahali ambapo mwaka uliopita ingewaliza.

Hamjaoana, hamjaachana, na majirani wamechoka kuuliza: Insecure. Kama saa 22 ni nyingi, tazama msimu wa kwanza, sehemu 8, saa nne. Unasimama vizuri hata ukiishia hapo.

Wanandoa wa miaka 50 na zaidi waanzie msimu wa pili wa State of the Union. Hauhitaji wa kwanza, kwa kuwa watu ni wengine.

Chama au marafiki kwenye runinga moja Jumapili: Insecure kama rika ni moja, How to Ruin Christmas kama kuna shangazi.

Kwa zote tano, mambo mawili ya sebuleni. La kwanza, funga wasifu wako kwa PIN. Huduma nyingi zinaruhusu, inachukua dakika mbili kwenye mipangilio, na mtoto anayetafuta katuni asubuhi huanza pale ulipoachia usiku. La pili ni kwa mnaotazama mkiwa wawili: mhusika akifanya lile jambo ambalo mwenzako hufanya, usimgeukie ukasema "unaona?" Ameona. Mwachie rimoti, na akitaka kusimamisha mzungumze, atabonyeza mwenyewe.